Kutafuta nyaraka za wapigania uhuru mtandaoni: ukikosa jina, usiseme halipo

#1 Mwana wa Ruvuma (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu ni mrefu na nitauleta kwa vipande, naomba mnivumilie.

Kaka wa bibi mzaa mama, ambaye kwangu ni babu, alivuka mto Ruvuma kutoka upande wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, miaka ya hamsini akaja Lindi kukata mkonge. Alikuwa amesoma kidogo misheni, hivyo haikuchukua muda akatolewa shambani akawekwa ofisini mbele ya taipureta. Kutoka hapo akaingia MANU, chama kimoja cha Wamsumbiji wa huku kwetu, na vyama vitatu vilipoungana Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kuwa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, naye akaenda huko. Bibi anakumbuka kwamba kazi ya kaka yake Dar ilikuwa "kupiga taipu za chama", na kwamba barua zake zilikatika mwaka 1968. Hakuna kaburi linalojulikana. Hakuna picha. Jina lake sitaliandika hapa kwa sababu bibi hajaniruhusu.

Miezi saba sasa kila usiku napekua nyaraka za harakati zile zilizoskaniwa na kuwekwa mtandaoni. Wiki tatu za kwanza nilikuwa naandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia, napata sifuri, nafunga. Mwisho nikamwambia mama kwamba hayumo. Nilikosea sana kumwambia vile, na ndiyo sababu ya uzi huu. Najua humu wapo wengi ambao baba zao na babu zao walipita Kongwa, Nachingwea, Morogoro, Bagamoyo, na nao wamejaribu mara moja wakakata tamaa.

Kwanza nyaraka zenyewe ziko wapi. Inauma kujua kwamba karatasi iliyotoka ofisi ya FRELIMO Mtaa wa Nkrumah, leo njia rahisi ya kuisoma inapitia Michigan, Marekani. Ndivyo ilivyo, na waliozitunza wanastahili shukrani zetu. Chama kilikuwa kikituma taarifa zake kwa kamati za mshikamano Ulaya na Marekani, na watu wale hawakutupa karatasi. Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kina African Activist Archive, ambamo kamati hizo, ikiwemo ile ya Chicago iliyounga mkono Angola, Msumbiji na Guinea, zimeweka majarida, mabango, barua na hata beji za kifuani. Ni bure kabisa. JSTOR, maktaba ya kitaaluma ya mtandaoni, ina mkusanyiko wa harakati za ukombozi Kusini mwa Afrika ulioanzia mradi wa Aluka, kwa hiyo mwenye ndugu chuoni aulize maktaba yao. Mozambique History Net imepangwa kwa mada, na vipande vyake vya magazeti vimenisaidia kuliko nilivyotarajia. Wenye ndugu ANC ya Afrika Kusini waende hifadhi ya DISA ya Durban, na wanaofuatilia Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau waende hifadhi ya Casa Comum ya Lisbon.

Halafu wapo waliokusanya nyaraka hizo kwa nia mbaya. Polisi wa siri wa Ureno, PIDE, walikuwa na faili za kila waliyemshuku, na faili hizo leo ziko Torre do Tombo, hifadhi ya taifa ya Ureno kule Lisbon. Nitalirudia hili.

#2 Nyangao

Nipo hapa mkuu, leta. Mzee wangu naye alikuwa Nachingwea, nimeshajaribu mara tatu sijaona kitu.

#3 Mwana wa Ruvuma

Mkuu Nyangao, hebu nianze na swali: jina la mzee uliliandika kwa tahajia ya nani?

Hapa ndipo nilipopoteza wiki zangu tatu. Sisi tunaandika majina ya Kimakonde kwa herufi za Kiswahili. Karani wa Kireno aliyasikia majina yale yale akayaandika kwa Kireno. Chukua Kionga, pale karibu na mdomo wa Ruvuma. Kwenye karatasi za Wareno ni Quionga. Ruvuma yenyewe ni Rovuma. Makonde ni Maconde. K yetu huwa C, na mbele ya E au I huwa QU. NY yetu huwa NH. W mara nyingi huwa U, kwa hiyo KW hugeuka CU. SH huwa X au CH. Chukua jina la mzee wako, ligeuze herufi moja moja kwa kanuni hizo, kisha tafuta upya. La babu yangu lilizaa tahajia sita tofauti, na nne kati ya hizo zimenipa kurasa za kusoma.

Na usidhani viongozi walisalimika. Lázaro Nkavandame, mwenyekiti wa FRELIMO wa jimbo la Cabo Delgado aliyejisalimisha kwa Wareno mwaka 1969, nimemkuta kama Nkavandame, Kavandame, na mara nyingine Lazaro peke yake bila ukoo. Ikiwa mtu mkubwa kiasi hicho anaandikwa hivyo, fikiria karani au mbeba mizigo.

Kuna neno jingine la kujua. Wamakonde wa ng'ambo ya mto waliitwa Wamawia huku kwetu. Wazee wengi hawalipendi na sitaki kulirudisha mdomoni mwa mtu. Lakini Mwingereza aliliweka kwenye karatasi zake, mara Mawia, mara Mavia. Ukitafuta "Makonde" peke yake kwenye nyaraka za utawala wa Tanganyika unawakosa watu haohao unaowatafuta.

#4 Fundi Skana

Mkuu nimevutiwa na mada, nimefanya kazi ya kuskani miaka kadhaa naomba niongeze.

Watu wengi wanaamini kompyuta inatafuta ndani ya picha ya karatasi. Haitafuti humo. Kuna programu iliyopita kwanza, ikakisia kila herufi na kuandika ilichoona, na wewe unatafuta ndani ya makisio yale. Karatasi iliyopigwa chapa vizuri, makisio ni mazuri. Karatasi ya saiklostaili, wino umetapakaa, O imeziba katikati, karatasi ya nyuma inaonekana mbele, hapo makisio yanaharibika. Na mara nyingi programu huwa imeambiwa lugha ni Kiingereza, hivyo ikikutana na Kiswahili inalazimisha.

Makosa yanajirudia, na hiyo ni bahati kwako. M inasomwa kama R na N, kwa hiyo "ukombozi" unakuwa "ukornbozi". L inakuwa namba 1. Ç ya Kireno inakuwa G au Q. Jaribuni kuandika "Mogambique" au "Moqambique", mtashangaa ni kurasa ngapi zinatoka ambazo hazikutoka kwa tahajia sahihi.

Na neno lolote lenye NG' lishukuni. Kile kikoma cha juu kinaivunja programu. "Kung'oa ukoloni" unaweza kuikuta kama "kung" halafu "oa", maneno mawili.

#5 Mwana wa Ruvuma

Fundi, ubarikiwe. Hiyo ya Mogambique nimeijaribu sasa hivi, nina kazi ya usiku mzima.

Nije kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapa naona hakuna aliyetufikiria. Mitambo ya kutafuta imetengenezwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Mwenye kutafuta kwa lugha hizo anaandika mwanzo wa neno, anaweka kinyota (*), mashine inamletea miisho yote. Kiswahili kinabadilika mbele. Mkombozi, wakombozi, ukombozi, kukomboa, tulikomboa, wamekombolewa: shina liko katikati, na mwanzo wa neno kila mara ni mwingine. Ungetaka kuweka kinyota mbele ya "komboa", lakini mitambo mingi, JSTOR ikiwemo, haikubali kinyota kianze neno.

Kwa hiyo inabidi kuandika maumbo yote kwa mkono. Mimi nina daftari. Ukurasa mmoja una "pigania": wapigania, mpigania, anapigania, walipigania, tunapigania, tutapigania. Nayaunganisha kwa OR, yaani "au" ya Kiingereza, sita sita. Ni kazi ya kuchosha, ila ndiyo iliyonionyesha karatasi za kwanza za Kiswahili.

Njia nyingine niliigundua kwa bahati. Karatasi nyingi za Kiswahili hazina alama ya lugha kwenye katalogi. Aliyezipanga hakuijua, akaandika "kijikaratasi" kwa Kiingereza akaendelea na kazi. Basi usitafute mada, tafuta maneno ambayo Mswahili hawezi kuandika ukurasa bila kuyatumia: "kwamba", "katika", "wananchi", "ndugu". "Na" haifai kwa sababu Kireno nacho kina "na". Andika "kwamba" pamoja na mwaka 1966 uone.

#6 Mwanafunzi wa Mlimani

Habari za kazi wakubwa. Mimi natafuta jarida la Cheche la wanafunzi wa Mlimani. Nikiandika "Cheche" naletewa habari za wanajeshi wa Ureno kuzama mtoni. Kuna uhusiano gani?

#7 Mwana wa Ruvuma

Hakuna uhusiano mdogo wangu, ni majina yamegongana. Cheche ni kivuko cha mto Corubal kule Guinea-Bissau. Tarehe 6 Februari 1969 Wareno walikuwa wanaondoa kikosi chao, chombo kikapinduka, wakazama zaidi ya 40. Mkusanyiko wowote wa makoloni ya Ureno utakuletea huko.

Cheche unayoitaka ilianza Novemba 1969 na ikapigwa marufuku Novemba 1970, kwa hiyo mipaka ya miaka peke yake itakusaidia. Kisha usitafute jina la jarida, tafuta majirani zake: USARF, yaani chama cha wanafunzi kilichokuwa kikilitoa pamoja na Umoja wa Vijana wa TANU, au Issa Shivji ambaye andiko lake kuhusu mapambano ya kitabaka lilijaza toleo maalumu la Septemba 1970. Baada ya marufuku walikuja na MajiMaji, na jina hilo nalo litakupeleka kwenye vita vya 1905, ujue mapema. Upo palepale Mlimani, panda juu maktabani kwenye East Africana, sehemu ya vitabu na karatasi za Afrika Mashariki, uliza karatasi yenyewe. Mtandao usikufanye usahau ngazi za maktaba.

#8 Nyangao

Wakuu nimerudi. Nimegeuza jina la mzee kwa kanuni za post ya 3. NIMEPATA. Orodha ya watu, kwa Kireno, mwaka 1970, jina lake, kijiji chake, na neno "terrorista". Mikono inatetemeka. Lakini mbona wanamwita hivyo?

#9 Mwana wa Ruvuma

Hongera sana Nyangao. Pumua kwanza.

Hiyo ni karatasi ya upande wa pili. Kwa PIDE kila aliyebeba bunduki ya FRELIMO, na wengi ambao hawakuibeba, alikuwa terrorista, yaani gaidi. Ni neno la adui juu ya mzee wako, lakini karatasi ni ya kweli na inakupa kijiji na mwaka, vitu ambavyo chama chenyewe kwa usalama kilivificha. Chama kiliwapa wapiganaji majina ya vita ili wasijulikane. Polisi walitaka majina ya nyumbani ili wawajue. Ndiyo maana jina la kuzaliwa la mpiganaji mara nyingi liko kwenye faili la aliyetaka kumkamata. Mpe mama yako habari hiyo polepole, na umweleze neno lile limetoka kwa nani kabla hajalisoma mwenyewe.

Hili linanipeleka kwenye jambo ambalo limenisumbua kuliko yote. Tukio moja lina majina mengi, na kila jina lina mwenyewe.

Barua za babu zilikatika 1968. Mwaka ule FRELIMO ilitikisika Dar. Machi kulikuwa na fujo za wanafunzi kwenye Taasisi ya Msumbiji, shule ya FRELIMO pale Kurasini, na jina la Padri Mateus Gwenjere likatajwa sana. Tarehe 9 Mei kundi la Wamakonde likavamia ofisi ya chama, na Mateus Sansão Muthemba, mjumbe wa Kamati Kuu, akajeruhiwa akafa. Babu alikuwa Mmakonde, na kazi yake ilikuwa ndani ya ofisi ile. Alisimama upande gani wa mlango siku ile? Mama hataki niulize hivyo. Mimi nimeshindwa kutouliza.

Nilipotafuta "9 Mei 1968" sikupata kitu cha maana. Chama kinazungumzia njama na maadui wa ndani. Wapinzani wa uongozi wanazungumzia malalamiko ya watu wa Cabo Delgado. Magazeti yanasema fujo. Wareno, kwa furaha isiyojificha, wanasema mgawanyiko. Soma pia waraka ambao Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO, aliutoa Novemba 1969, miezi tisa baada ya rais wake Eduardo Mondlane kuuawa kwa bomu la kifurushi tarehe 3 Februari. Unaitwa "Gloomy Situation in FRELIMO". Usiusome peke yake, na usisome jibu la chama peke yake. Nimejiwekea utaratibu: kila tukio naandika daftarini maneno ya kila upande, kisha natafuta kwa maneno ya kila mmoja kwa zamu.

Tahadhari ndogo ya tarehe. Mmarekani huanza na mwezi. Kwenye karatasi zilizopitia mikononi mwao 9 Mei ni 5/9/68, na kwetu hiyo ni Septemba. Nilipanga matukio ya mwaka mzima vibaya kwa ajili hiyo, nikayarudia upya.

#10 Bi Rutamba

Wanangu hamjambo. Mimi nimelelewa kambi ya Rutamba, Lindi, wazazi wangu walivuka na mafuriko ya wakimbizi vita vilipoanza 1964. Nimesoma yote haya na machozi yamenitoka kidogo.

Mwanangu mleta mada, watu wengi wa mwaka 1968 na 1969 waliokorofishana na chama walirudi kwa ndugu zao kambini na mashambani kusini, hawakufa wala hawakukimbilia kwa Mreno. Walinyamaza tu. Usiangalie karatasi za siasa peke yake. Angalia na za wakimbizi, za makanisa, za TCRS, shirika la Kikristo la wakimbizi lililokuwa likituhudumia. Picha zao nimeziona mtandaoni, wanaandika "wakimbizi wakifyeka msitu" bila jina la mtu hata mmoja. Mle kwenye picha moja nimemtambua jirani yetu.

#11 Mwana wa Ruvuma

Shikamoo mama. Sikuwahi kulifikiria hilo. Nilikuwa natafuta aliyekufa au aliyesaliti. Aliyenyamaza sikumtafuta kabisa.

Huyo jirani yenu, kama familia yake inaridhia, waandikie wenye hifadhi uwape jina lake. Nimewahi kuwaandikia wahifadhi mara mbili kuhusu karatasi za Kiswahili zilizoandikwa "bila kichwa" wakati kichwa kiko palepale juu kwa herufi kubwa. Moja wameshaisahihisha, na sasa ukitafuta kwa Kiswahili inatokea.

#12 Karani Mstaafu

Vijana, nimewasoma kimya tangu jana. Nilikuwa karani wa ofisi ya umma tangu 1965, nimepiga taipu miaka thelathini na moja. Nyote mnamtafuta huyu babu ndani ya maandishi. Mpiga taipu hayupo kwenye maandishi, yupo pembezoni.

Barua za zamani zile, angalia chini kabisa kushoto, baada ya sahihi. Utakuta herufi kubwa za aliyeamuru barua iandikwe, kisha mkwaju, kisha herufi ndogo mbili. Hizo ndogo ni za aliyepiga taipu. Tulifundishwa hivyo ili kosa likitokea mkubwa ajue amwite nani. Kompyuta yenu haiwezi kuzipata, ni ndogo mno na mara nyingi zimefifia. Fungua kila barua, shuka chini, tazama kwa macho.

Jambo la pili. Kila mashine ina kilema chake. E iliyoziba, A iliyopanda juu kidogo ya mstari, nukta inayotoboa karatasi. Na kila mpiga taipu ana mkono wake. Mwingine huacha nafasi mbili baada ya nukta, mwingine moja, mwingine hukunja aya herufi tano ndani, mwingine nane. Ofisini kwetu nilikuwa naijua kazi ya mwenzangu bila kuona herufi zake.

#13 Mwana wa Ruvuma

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma maneno yako mara nne. Naondoka kidogo, nitarudi.

#14 Nyangao

Sisi tupo tunasubiri. Mzee Karani Mungu akuweke.

#15 Mwana wa Ruvuma

Nimerudi. Siku nne. Nimefungua barua 212, moja moja, kutoka mikusanyiko miwili, zote zilizotoka Dar kati ya 1965 na 1968. Nyingi hazina kitu chini. Nyingine zina herufi zisizosomeka.

Nne zina herufi ndogo mbili zinazolingana na jina la babu, ila kwa tahajia ya Kireno, siyo vile bibi anavyolitamka. Zote ni za 1967. Mpigaji huyo anakunja aya ndani sana, na A ya mashine yake imepanda juu ya mstari, kama ulivyosema mzee.

Sijamwambia mama kwamba nimempata. Wenye herufi mbili kama zile walikuwa wengi.

#16 Karani Mstaafu

Umefanya vema kutosema. Sasa swali moja tu, mjukuu wangu. Umesema barua kwa dada yake zilikatika 1968. Kwa hiyo kabla ya hapo zilikuwa zinafika. Aliziandika kwa mkono, au alizipigia mashine ya ofisini?

#17 Mwana wa Ruvuma

Mzee, nimempigia mama sasa hivi. Anasema bibi amebaki na moja, imo kwenye sanduku la bati, imefungwa pamoja na kadi ya chama. Nikamuuliza kama ni ya mkono. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni ya mashine. Tulikuwa tunamcheka mjomba, hadi salamu za dada yake anazipigia mashine."

Nimekata tiketi ya basi la Lindi la Ijumaa asubuhi.